Mtoto Asiyelia Akianguka

Barua za mwezi huu zimelalia upande mmoja: watoto wadogo wanaolelewa nje ya familia walikozaliwa, wengine kwa walezi wa kambo, yaani watu wanaompokea nyumbani kwao mtoto wa wengine kwa muda, wengine katika vituo vya kulelea watoto. Mimi nimeuguza watoto wachanga, kisha nikahamia kazi ya kuwatembelea walezi wa kambo majumbani mwao hadi nilipostaafu. Kwa hiyo sitajifanya sina upande. Ninao, na mtauona. Barua nimezifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto.

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumempokea mtoto wa kike kwa malezi ya kambo, sasa ana miezi 19 na yuko kwetu mwezi wa nne. Kabla ya hapo aliishi kituoni tangu uchanga. Kila mtu anamsifu: hasumbui, halii, anakwenda kwa yeyote anayenyoosha mikono. Juzi alianguka kwenye ngazi akapasuka mdomo. Akajinyanyua, damu inamtoka, akaendelea na mchezo wake bila hata kunitazama. Usiku anajitikisa mbele na nyuma mpaka kitanda kinasogea. Chakula hakimtoshi. Nikimkumbatia anakakamaa. Nifurahi au niogope? Au ni mimi nisiyejua kulea? — Mama wa miezi minne

Marahaba, mwanangu. Furahi kwamba yuko kwako, lakini hizo sifa usizipokee. Mtoto wa miezi 19 anayepasuka mdomo asimtafute mtu, usimhesabu mtulivu. Huyo amejifunza kwamba kulia hakuleti mtu.

Kilio cha mchanga ni kazi, na kazi hufanywa ikiwa na malipo. Analia, mtu anakuja, anabebwa, anatulia. Jambo hilo likijirudia mara nyingi na uso uleule, mtoto anajua mawili kwa pamoja: kwamba akiita anaitikiwa, na kwamba huyu hapa ndiye mtu wake. Kituoni, hata chenye walezi wenye huruma, mlezi mmoja ana watoto wengi, zamu zinabadilika, na anayeitika asubuhi siye anayeitika usiku. Mara nyingi haitiki yeyote, kwa sababu mikono imejaa. Mtoto mwenye akili timamu anaacha kulia. Wageni wakiingia wanasema, loo, watoto wa hapa wana adabu! Mimi nikiingia kwenye chumba cha wachanga kumi na kukiona kimya mchana kweupe, nywele zinanisimama.

Kujitikisa kunaonekana sana kwa watoto wa vituoni. Mwili wa mchanga unahitaji kubebwa, kugeuzwa, kubembelezwa. Usipopata kwa mtu, unajitengenezea. Chakula ndivyo hivyohivyo: alilishwa kwa saa, haraka, bila kuulizwa kama ameshiba, basi tumbo lake halijajifunza kuamini kwamba kitakuja kingine. Na kukakamaa wala si chuki. Hajazoea mikono inayokaa.

Hilo la kwenda kwa kila mtu ndilo ningetaka ulielewe zaidi, kwa sababu ndilo linalosifiwa zaidi. Watafiti waliowafuatilia watoto wa vituoni jijini Bucharest walilifanyia jaribio. Watoto walipokuwa na miaka 4 na nusu hivi, mtu wasiyemjua aligonga mlango, akamwambia mtoto amfuate akaonyeshwe kitu. Waliokulia kwa wazazi wao karibu wote walibaki. Miongoni mwa waliopitia vituoni, waliotoka naye walikuwa wengi zaidi. Mtoto asiye na mtu wake hana sababu ya kumwogopa mgeni. Wote ni wageni.

Huo mradi wa Bucharest nitaurudia, basi niueleze. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Romania, Desemba 1989, dunia ilikuta vituo vimejaa makumi ya maelfu ya watoto, wengi wao wakiwa na wazazi hai. Miaka kumi na kitu baadaye watafiti watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwachukua watoto 136 wenye umri wa miezi 6 hadi 31 katika vituo 6 vya jiji hilo, wakapiga kura ya bahati nasibu. Nusu walikwenda kwa walezi wa kambo waliotafutwa na kusaidiwa na mradi. Nusu walibaki kwenye utaratibu uliokuwepo, na hakuna aliyezuiwa kuondoka baadaye akipata familia. Wako wasioupenda utafiti huo mpaka leo. Kura juu ya maisha ya watoto! Nawaelewa. Lakini bila kura tungeendelea kubishana kama vituo ndivyo viliwadumaza watoto, au kama watoto waliokwisha kudumaa ndio waliopelekwa vituoni.

Sasa tazama umri. Walipopimwa akili wakiwa na miezi 42, watoto wa kulinganishia, wasiowahi kukaa kituoni, walikuwa na wastani wa alama 103. Waliobaki kwenye utaratibu wa vituo, 77. Waliokwenda kwa walezi wa kambo kabla ya miezi 18 walipata 94; waliokwenda baada ya miezi 30 walipata 80. Kwenye lugha, waliochukuliwa wakiwa na miezi 15 au chini yake walizungumza sawasawa na wenzao wa majumbani. Wako alifika akiwa na miezi 15. Sikuahidi chochote, maana wastani haumjui mtoto wako, ila hujachelewa.

Kuhusu la kufanya. Kwanza, kwa miezi kadhaa, wewe na mume wako peke yenu ndio mmlishe, mmwogeshe, mmlaze na mmbembeleze. Shangazi zake wacheze naye, wamwimbie, lakini akiwapandia mapajani wamrudishe kwako kwa upole: "Mama yuko pale." Watanuna. Wanune.

Pili, usingoje akuite. Mary Dozier, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na walezi wa kambo, aliona kwamba mtoto aliyekuja akiwa mkubwa kidogo humsukuma mlezi au humpuuza, na mlezi, binadamu huyo, polepole naye anajiondoa. Mtoto anapata uthibitisho wa alichokuwa akiamini. Kwa hiyo akianguka, nenda kana kwamba amelia. Piga magoti, "Pole, umeumia, mama nimeona." Hata asipogeuka. Hata akikakamaa: weka mkono mgongoni tu, usimbane. Usiku akijitikisa usimkemee wala usimfunge kwa shuka. Kaa karibu, weka mkono, imba wimbo mmoja huohuo kila siku. Chakula kije kwa saa zinazotabirika, na katikati kuwe na kitu kidogo anachoweza kukifikia mwenyewe. Tamaa hupungua akishaamini.

Tatu, mpeleke kliniki apimwe uzito, urefu, damu, macho na masikio. Masikio hasa. Sijui ni mara ngapi mtoto ameitwa mzito wa akili kumbe masikio yake yamejaa usaha.

Na ngoja siku atakapoanguka, aangaze macho akikutafuta, kisha apige ukelele wa kuita majirani. Siku hiyo niandikie. Kisha ataanza kukung'ang'ania hata ukienda msalani, na wale waliomsifu watasema umemharibu.

Shangazi, mimi ni mlezi wa zamu katika makao ya watoto wachanga. Mchana tuko wawili kwa watoto 14, usiku mmoja. Msimamizi anatukataza kuwabeba nje ya saa za kulisha, watazoea mikono. Ukimwuliza anajibu "mchelea mwana kulia hulia yeye." Kila miezi mitatu tunabadilishiwa vyumba ili tusiwazoee, na mtoto akianza kutembea anahamishiwa chumba cha wakubwa. Kuna mmoja ananifuata kwa macho kila nikipita. Je, nimpuuze kwa faida yake? — Mlezi wa zamu

Usimpuuze. Huyo mtoto anafanya kazi ngumu kuliko zote za umri wake, anachagua mtu.

Methali ya msimamizi ni nzuri mahali pake. Inamhusu mtoto anayejua anachokitaka na mzazi anayeogopa kumnyima. Mchanga wa miezi 8 hajui hila. Ila hoja yake ya mikono siidharau: watu wawili kwa watoto 14 hawatoshi, na hakuna mapenzi yanayoongeza mikono. Anaona mtoto mmoja akizoea kubebwa, wengine 13 watadai. Hofu yake ni ya kweli, dawa yake ndiyo mbaya.

Kuna kazi iliyofanywa St. Petersburg, Urusi, ambayo ningependa kila msimamizi aijue. Katika makao matatu ya watoto wachanga walifanya hivi: moja liliachwa kama lilivyo, la pili walezi wake walifundishwa jinsi ya kuwaitikia watoto, la tatu walezi walifundishwa na pia utaratibu wa nyumba ukabadilishwa. Makundi yakapunguzwa, kila kundi likapewa walezi walewale wachache, watoto wa umri tofauti na wenye ulemavu wakawekwa pamoja, kuhamahama kukasimamishwa, na kukawa na saa maalumu ambayo wageni hawaingii, mlezi anakaa tu na watoto wake. Nyumba hiyo ya tatu ndiyo iliyobadilika zaidi. Watoto walichangamka, walisogea mbele kwenye vipimo vya ukuaji, hata urefu na uzito uliongezeka, na chakula hakikuwa kimebadilishwa. Watoto wenye ulemavu nao walipanda.

Hilo la urefu huwa linawashangaza watu wanaodhani mtoto hukua kwa uji peke yake. Mwili unaoishi kwenye wasiwasi, bila wa kuutuliza, unatumia nguvu zake pengine.

Mpelekee msimamizi jambo moja lisilo na gharama: kila mtoto apewe jina la mlezi wake na la msaidizi wake, lililoandikwa ukutani, na zamu zipangwe ili mmoja wa hao wawili awepo karibu kila siku. Watoto 14 mkigawana, kila mmoja anao saba, na hilo tu litapunguza vurugu kwa sababu kila mtu atajua kilio cha nani ni chake. Kuzungushana vyumba kukome. Mtoto akianza kutembea asihame, abaki na watu wake. Chupa isiegemezwe kwenye mto. Mtoto ashikwe anaponyonya, mtazamane. Kubadilisha nepi kunachukua dakika zilezile ukinyamaza na ukizungumza: mwambie unachofanya, ngoja akujibu kwa mguno, mguno ujibu.

Ukienda likizo, muage. Hataelewa maneno. Muage tu.

Nisiongope, lakini. Hata ile nyumba ya tatu ya St. Petersburg ilikuwa kituo. Mlezi bora ana siku ya mapumziko, anaacha kazi, anaolewa, anastaafu. Kwa hiyo wakati unamshikilia huyo anayekufuata kwa macho, muulize afisa ustawi wa jamii kila anapopita: faili lake limefika wapi, ndugu wametafutwa, mlezi wa kambo ameulizwa? Waliomo kwenye mafaili yasiyoulizwa hukaa hadi wanaota meno ya utu uzima.

Shangazi, dada yetu amefariki ameacha watoto wawili, mmoja wa miezi 7 na mwingine wa miaka 9. Kikao cha ukoo kimegawanyika. Kuna kituo kimejitolea kuwachukua wote: majengo mazuri, vitanda safi, daktari, shule. Upande wa pili yuko mama yetu, ana miaka 61 na nyumba ndogo, lakini ndiye aliyekuwa akimlea mchanga dada alipougua. Gharama nitabeba mimi. Wazee wanasema tusiwanyime watoto nafasi kwa sababu ya hisia. — Mjomba

Pole sana kwa msiba, kaka. Nianze na hivyo vitanda safi.

Mwaka 1945 daktari wa Austria aliyehamia Marekani, René Spitz, aliandika kuhusu mahali pawili. Kimoja kilikuwa kituo cha watoto wachanga, safi kupindukia, chakula kizuri, madaktari wanapita kila siku. Muuguzi mmoja kwa watoto wanane hivi, na shuka zimetundikwa pembeni mwa vitanda ili maradhi yasiambukizwe, kiasi kwamba mtoto aliona dari tu. Mahali pa pili palikuwa gereza la wanawake, ambako wafungwa waliwalea watoto wao wenyewe. Wale wa gerezani walikua vizuri. Kule kwenye usafi, zaidi ya theluthi moja ya watoto walikufa ndani ya miaka 2 ya kufuatiliwa, na waliobaki wengi hawakuweza kutembea wala kusema kwa umri wao. Spitz alikosolewa baadaye kwa namna alivyokusanya hesabu zake, na wakosoaji walikuwa na haki. Vifo vya namna hiyo siku hizi havitokei katika kituo chenye dawa. Lakini kila aliyechunguza baada yake kwa mbinu bora alikuta kitu kilekile kwa wachanga: usafi na lishe haviwezi kukaa mahali pa mtu.

Kwa hiyo wa miezi 7 abaki na nyanya yake. Hapa sina shaka hata chembe. Yuko kwenye miezi ambayo mtoto anamfunga mtu mmoja moyoni na kuanza kuwakataa wageni; amekwisha kumpoteza mama, mkimtoa na kwa nyanya mnampotezea wa pili. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi inasema hivyohivyo: mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 3, alelewe ndani ya familia, na ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito.

Kwa wa miaka 9 nitakuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu ushahidi nao ni mwangalifu. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania, uliwalinganisha yatima na watoto walioachwa wenye umri wa miaka 6 hadi 12, walio vituoni na walio majumbani kwa ndugu. Kwa wastani wa vituoni hawakuwa hoi kuliko wa majumbani. Wenye vituo wanapenda kuutaja. Wasichotaja ni umri: hao si wachanga, na wengi wao walikwisha kupata mtu wao kabla ya kuingia. Halafu nyumba ya ndugu yenye njaa na kipigo si lazima ishinde kituo kizuri, hilo nalo tuseme. Lakini nyumba ya mama yako siyo hiyo, na huyu mkubwa ndiye pekee atakayemsimulia mdogo wake habari za mama yao. Wakae pamoja.

Ulizia pia kwa nini kituo kinamtaka mchanga kwa haraka hivyo. Palipo na wafadhili wanaolipa kwa idadi ya watoto, mchanga ni mali. Huenda kituo chenu ni cha watu wema kabisa. Basi waambie wawasaidie watoto wakiwa kwa nyanya yao, kwa ada na matibabu, uone watakavyojibu.

Miaka 61 si uzee wa kulaza watu kitandani, ila mchanga anachosha. Usimtumie mama pesa ukadhani umemaliza. Apatikane mtu wa pili, wewe au mkeo au dada mwingine, anayefika kila wiki, anayemlisha na kumlaza mtoto, ili mama akiugua mtoto aende kwenye mikono anayoijua. Mchagueni sasa, kwenye kikao hichohicho, na mwandikishe ulezi kwa afisa ustawi wa jamii.

Shangazi, kikundi chetu cha vijana kinapanga kujitolea wiki mbili kwenye kituo cha watoto wadogo, kuwapa upendo na kuwakumbatia. Tuandae nini? — Wenye moyo

Andaeni kufua. Mtoto ambaye ameshaachwa na watu kadhaa hana haja na kundi la wanane watakaombeba mchana kutwa kisha wapande basi. Watawarukia shingoni dakika ya kwanza, nanyi mtaona ni upendo. Someni jibu langu kwa Mama wa miezi minne. Fueni nepi, pakeni rangi, toeni maji, pikeni, ili walezi wa kila siku wapate nafasi ya kukaa chini na watoto. Picha za watoto msipige. Mkibakiwa na fedha, changieni mshahara wa mlezi mmoja wa ziada kwa mwaka, hata kama halitapatikana la kuonyesha watu.

Shangazi, mtoto niliyempokea akiwa na wiki sita sasa ana miezi 16. Mama yake mzazi amepona, mahakama imeamua arudi kwake. Nafurahi kwa ajili yake na ninakufa. Jirani, naye mlezi wa kambo, ananiambia kosa langu ni kumpenda kama wangu. Yeye huwa anajizuia ili mtoto asiumie akiondoka. — Nisiyejua kujizuia

Jirani yako anajilinda yeye. Binadamu tuna haki ya kujilinda, lakini asiseme ni kwa ajili ya mtoto. Dozier niliyemtaja juu alichunguza jambo hilihili, kiasi gani walezi wa kambo wanamhesabu mtoto kuwa wao, na watoto wa wale waliojitoa mzima ndio waliokuwa salama zaidi. Mtoto aliyewahi kushikamana na mtu anajua kushikamana. Anaweza kuhamisha ujuzi huo kwa mtu mwingine, kwa machozi, kwa muda. Yule aliyelelewa na watu waliojizuia hana cha kuhamisha.

Kinachomharibu mtoto wa kambo ni kuhamahama. Nyumba ya tatu, ya nne, ya tano, kila moja wakimrudisha kwa sababu "anasumbua", na kila mara anasumbua zaidi. Nimewaona wa namna hiyo wakiwa na miaka 5, wanakusanya nguo zao wenyewe wakisikia gari. Hapo malezi ya kambo yanageuka kituo chenye kuta nyingi. Wewe umempa nyumba moja. Sasa mpe safari nzuri.

Zungumza na afisa ili makabidhiano yasifanyike siku moja. Kwa miezi 16 ningetaka wiki kadhaa. Kwanza mama yake aje kwako: akae, amlishe mbele yako, mtoto akuone ukimchekea. Mtoto wa umri huo anasoma usoni mwako kama mtu ni salama, kwa hiyo, samahani kukuambia, lazima uchekee kweli. Kisha waende kwake pamoja nawe, kisha abaki saa chache, kisha alale. Blanketi lake aende nalo halijafuliwa, harufu yako imo. Mwandikie mama yake ukurasa mzima: analala vipi, wimbo gani, anaogopa nini, akisema neno lile lisiloeleweka anataka nini. Sio kwa sauti ya mwenye mali. Huyo mama naye ana hofu kwamba mtoto atakutaka wewe, na siku ya kwanza mtoto atakutaka wewe, atalia, atakataa kula, pengine atarudi nyuma kwenye mambo aliyokwisha kuyaweza. Mwonye kabla, asije akadhani mtoto hampendi.

Wako maafisa wanaoshauri ukate mguu kabisa "ili azoee". Mimi siafikiani nao. Mama akikubali, piga simu, tembelea, uwe shangazi. Kutoweka ghafla kwa mtu uliyempenda kunamfundisha mtoto jambo moja tu. Na ukishamkabidhi, usipokee mtoto mwingine wiki ileile. Lia kwanza.

Shangazi, tumemuasili mvulana aliyeishi kituoni mpaka miaka 4. Sasa ana miaka 7. Ni mcheshi, anasoma, lakini hatulii darasani na mawazo yanampotea haraka. Nimesoma kwamba baada ya miaka 2 mlango unafungwa. Je, ndiyo basi? — Baba mwenye hofu

Siyo basi, kaka, na huo mlango watu wameusimulia vibaya. Miaka 2 ya kwanza ina uzito mkubwa, lakini baada yake njia inakuwa ya mlima tu, haikatiki.

Uingereza waliwafuatilia watoto 165 waliotoka Romania na kuasiliwa, utafiti ulioanzishwa na Michael Rutter, mpaka wakawa watu wazima. Waliokuwa vituoni chini ya miezi 6 hawakutofautiana sana na watoto wengine walioasiliwa nchini humo. Waliozidi miezi 6 wengi walibaki na matatizo, na miongoni mwake ni hilo unalolieleza, kutotulia na kukosa umakini. Lakini alama zao za akili, zilizokuwa chini utotoni, zilipanda hadi kufikia za kawaida utu uzimani. Na mmoja katika kila 5 wa hao waliochelewa hakuonyesha tatizo lolote katika kipindi chote hicho.

Hata Bucharest, familia ilipunguza huzuni na wasiwasi kwa watoto kuliko ilivyopunguza utundu na kutotulia. Kwa hiyo usijihukumu wala usimhukumu kwa hilo. Huenda likabaki kiasi, na litahitaji msaada wake lenyewe. Mwone daktari wa watoto kuhusu umakini. Mwalimu umwombe amkalishe mbele, ampe kazi fupifupi, na akimwadhibu asimtoe nje ya darasa wala asimtenge, maana kwa mtoto huyu kutengwa ni jambo zito kuliko anavyodhani mwalimu. Asichanganyiwe walimu wa ziada wanaobadilikabadilika, mmoja, yuleyule. Na jioni uwe na nusu saa yako naye isiyo na masomo.

Barua za mwezi ujao zitahusu watoto wanaochelewa kusema. Walio na maswali waandike mapema, na wataje umri wa mtoto kwa miezi.